Hanuka maana yake si taa wala mafuta. Neno lenyewe tunalo kwenye Kiswahili na tunalipita kila siku

Fundi Matone (#1)

Wakuu, heshima zenu.

Nianze na aibu yangu. Miaka ile nilikuwa fundi wa mabomba ya umwagiliaji wa matone kwenye shamba moja la maua upande wa Arusha. Msimamizi wa mitambo alikuwa Muisraeli, mzee mkali asiyetaka kuona mtu amekanyaga mpira wa maji, lakini ikifika saa nne anakaa chini na sisi anakunywa chai ya rangi. Siku moja, mwezi wa sita, akatuambia amehamia nyumba mpya, Jumapili mchana tufike kwake kuna "hanukat habait". Mimi Hanuka nilikuwa nimeisikia redioni: sikukuu ya Wayahudi, mishumaa, Desemba. Nikajiongeza. Nikapita dukani nikachukua pakiti ya mishumaa, ile ile ya kuwasha umeme ukikatika, nikaifunga na gazeti, nikaenda nayo kifua mbele.

Mzee alipofungua gazeti alicheka mpaka akatafuta kiti. Kumbe hakuna sikukuu. Alikuwa ameita watu wale, na apigilie kijisanduku chembamba kwenye mwimo wa mlango, ndani yake kuna karatasi ya ngozi yenye maneno ya Torati. Basi. Nyumba imefunguliwa. Akaniambia kwa Kiswahili chake cha shambani: "Hii hanuka ya nyumba. Ile ya Desemba hanuka ya Hekalu."

Nimekaa na kauli hiyo miaka mingi. Kila Desemba ikifika nasoma humu na kwingine watu wanaandika "Hanuka, maana yake sikukuu ya taa". Wengine wanasema maana yake ni muujiza wa mafuta. Wengine, Krismasi ya Wayahudi. Jina halisemi hata kimoja kati ya hivyo. Hanuka kwa Kiebrania ni kufungua kitu kipya rasmi ili kianze kazi yake, hasa kitu cha ibada. Kukiweka wakfu. Na Kiswahili kina neno lake kamili, limekaa kwenye Biblia zenu hapo mezani.

Chukueni Biblia ya Union, Yohana 10:22. Yesu yuko Yerusalemu, anatembea kwenye ukumbi wa Sulemani, ni wakati wa baridi, na ilikuwa "Sikukuu ya Kutabaruku". Hiyo ndiyo Hanuka! Kigiriki cha Yohana kinasema *enkainia*, na watafsiri wetu hawakuandika taa wala mishumaa, waliandika kutabaruku. Wakatoliki mnalijua neno hili vizuri, kanisa jipya askofu huja kulitabaruku, na tarehe 9 Novemba mna sikukuu ya kutabarukiwa Basilika la Laterano. Kwa hiyo Mkatoliki wa Kiswahili akiulizwa Hanuka ni nini, jibu analo mdomoni, hajui tu kwamba analo.

Naendelea chini, ngoja nichaji simu.

Mzee wa Mikeka (#2)

Naweka kiti hapa. Halafu mkuu, hako kasanduku ka mlangoni si ndiyo yale yale ya kuzindika nyumba? Maana kwetu fundi anakuja na kichupa anafukia kizingitini.

Fundi Matone (#3)

Hahaha, mzee wa mikeka bwana. Kinaitwa mezuza, na neno mezuza lenyewe maana yake ni mwimo wa mlango. Ndani kuna Kumbukumbu la Torati sura ya 6, "Sikia, Ee Israeli", na kipande cha sura ya 11, kwa sababu hapo ndipo walipoamriwa kuyaandika maneno kwenye miimo ya nyumba. Wapo wanaokichukulia kama kinga, sitakataa, lakini kwa sheria yao ni amri inayotimizwa, si dawa.

Sasa turudi Yerusalemu. Kilifunguliwa nini?

Mwaka 167 kabla ya Kristo, mfalme Antioko wa Nne, wa ile dola ya Kigiriki iliyotawala kutoka Shamu, alipiga marufuku dini ya Kiyahudi. Kutahiri marufuku, Sabato marufuku, na juu ya madhabahu ya Hekalu ikawekwa madhabahu nyingine ya Zeu, mungu mkuu wa Wagiriki. Kuhani mmoja mzee wa kijiji cha Modini, Matathia, akakataa, akakimbilia milimani na wanawe watano. Alipokufa, uongozi ukashikwa na mwanawe Yuda, aliyepewa jina la Makabayo. Wengi hulifasiri jina hilo kuwa nyundo. Miaka mitatu ya vita vya kuvizia, na mwaka 164 wakaingia Yerusalemu.

Kitabu cha Kwanza cha Wamakabayo sura ya 4 kinaeleza walichokikuta, na hapa someni polepole. Malango yamechomwa moto. Uani magugu yameota kama mwituni. Vyumba vya makuhani vimebomoka. Wakararua mavazi, wakajitia majivu. Halafu ukaja mtihani wa ile madhabahu: imenajisiwa, haifai tena, lakini mawe yake ni matakatifu, huwezi kuyatupa jalalani. Wakafanya nini? Wakaibomoa, mawe wakayaweka pembeni mlimani pale pale, mahali panapofaa, mpaka atakapotokea nabii awaambie la kufanya. Wakatafuta mawe mengine ambayo hayajachongwa, wakajenga mpya. Tarehe 25 ya mwezi wa Kislev wakaamka alfajiri wakatoa sadaka juu yake. Siku nane za kutabaruku madhabahu.

Ndiyo hiyo hanuka. Ni ya madhabahu mpya. Na mawe ya ile ya zamani yakabaki yanasubiri nabii. Mimi hapo ndipo panaponigusa kuliko mafuta.

Katekista (#4)

Mtoa mada umenikumbusha kitu. Nimefundisha Yohana sura ya 10 miaka kumi na mbili, kondoo na mchungaji mwema, ile aya ya 22 naipita kama kituo ambacho hakuna abiria. Lakini nina maswali mawili. Kwanza, ndugu zetu Waprotestanti Wamakabayo hawanao, sasa wao hii habari wanaitoa wapi? Pili, kwa nini siku nane? Mimi nilijua ni kwa sababu mafuta yaliwaka siku nane.

Fundi Matone (#5)

Mwalimu, swali lako la kwanza lina utamu wake. Hata Wayahudi wenyewe Wamakabayo hawanao kwenye Biblia yao! Kitabu cha kwanza kiliandikwa kwa Kiebrania, nakala ya Kiebrania ikapotea, Wakristo ndio waliokitunza kwa Kigiriki. Kwa hiyo sikukuu ni ya Wayahudi, kitabu cha kisa chake kimo kwenye Biblia ya Wakatoliki na ya Waorthodoksi, na sikukuu yenyewe kwa jina inatajwa kwenye Agano Jipya, kwa Yohana. Mambo ya dunia.

La pili ndilo lenyewe. Soma Wamakabayo wa Kwanza, soma wa Pili, mafuta yaliyowaka siku nane hutayakuta. Hayamo kabisa. Kitabu cha Pili sura ya 10 kinatoa sababu nyingine ya siku nane: walisherehekea kwa namna ya Sikukuu ya Vibanda, wakibeba matawi na makuti ya mitende, kwa sababu muda mfupi nyuma Vibanda vyenyewe viliwakuta porini wanaishi mapangoni kama wanyama. Vibanda ni siku saba na ya nane juu yake. Yaani walilipa deni la sikukuu waliyoikosa wakiwa vitani. Barua iliyo mwanzoni mwa kitabu hicho inaiita moja kwa moja siku za Vibanda za mwezi wa Kislev.

Karne ya 1 baada ya Kristo anakuja Yosefu, yule mwanahistoria Myahudi aliyeandika chini ya Warumi. Anasema sikukuu hii tunaiita Taa. Umeona, taa zimeingia. Lakini naye hataji chupa ya mafuta. Anakisia inaitwa hivyo kwa kuwa uhuru wa kuabudu uliwamulikia wakati hawakuutarajia.

Mafuta yanakuja kwenye Talmudi ya Babeli, mkusanyiko wa mijadala ya marabi, yaani walimu wa dini yao, karne kadhaa baadaye, kitabu cha Shabati ukurasa wa 21. Na marabi wanaanza na swali fupi, maneno mawili tu: *Mai Hanuka?* Nini Hanuka? Kisha ndipo linakuja jibu tunalolijua: Wagiriki waliponajisi mafuta yote, ikapatikana chupa moja yenye muhuri wa kuhani mkuu, ya kutosha siku moja, ikawaka nane.

Kwa hiyo mtu akikuuliza Hanuka ni nini usione haya kutokujua. Marabi wenyewe walikaa wakaulizana.

Mlokole Sugu (#6)

Kwa hiyo unataka kusema muujiza haukutokea? Tuweke wazi hapo mkuu.

Fundi Matone (#7)

Sikusema hivyo, mtumishi. Nimesema jina ni la zamani kuliko kisa cha mafuta kilichoandikwa, na jina linahusu madhabahu. Kuamini au kutoamini chupa ni juu yako.

Ila nikueleze kwa nini wengi wa wanaochambua historia wanaona marabi walipendelea mafuta kuliko panga. Wale ndugu wa Makabayo walikuwa mashujaa, sawa. Lakini ukoo wao, Wahasmonayo, ulikuja kushika ukuhani mkuu na mwisho ufalme pia, vyote mkono mmoja, nao hawakuwa wa ukoo wa Daudi. Wakaanza kugombana. Mwaka 63 kabla ya Kristo ndugu wawili, Hirkano na Aristobulo, wanagombania kiti, kila mmoja anamtumia Pompei, jemadari wa Roma, wajumbe na zawadi. Pompei akaja kweli. Akaingia mpaka Patakatifu pa Patakatifu. Uhuru ukaishia hapo. Baadaye watu waliinuka dhidi ya Roma kwa moyo ule ule wa Kimakabayo, Hekalu likateketezwa mwaka 70, na uasi mwingine mwaka 132 hadi 135 ukaisha kwa maafa makubwa. Wewe ungekuwa rabi baada ya hayo yote, vijana wanakuuliza Hanuka ni nini, ungewasimulia habari za vita? Mimi ningewasimulia chupa ya mafuta.

Bint Pwani (#8)

Asalaam aleikum. Mimi nina mawili kwenye maneno, maana ndiyo kazi yangu.

Kwanza hilo neno kutabaruku. Kwetu Unguja mtu akisema "natabaruku" ana maana anatafuta baraka, kwa mfano kugusa au kula kitu cha mtu mwema kwa ajili ya baraka zake. Shina ni lile lile la baraka. Kwa hiyo huko kanisani mmelipeleka mbele kidogo, mkalifanya kuwa kuweka wakfu jengo.

Pili, hiyo ha ya Hanuka ni ipi? Ha ya Muhammad au ha ya Harun? Maana kama ni ya Muhammad basi nina jambo zito.

Fundi Matone (#9)

Waaleikum salaam dada yangu. Ni ha ya Muhammad. Herufi yao inaitwa *het*. Wayahudi wa Yemeni huitoa kooni vile vile kama Waarabu. Wengi Israeli leo huitoa kama kha ya kheri, ndiyo maana utaona wengine wanaandika Hanukkah na wengine Chanukah, wote wanahangaika na herufi moja. Sisi "Hanuka" inatutosha.

Na baraka, wao wanasema *berakha*. Shina moja.

Tupe hilo jambo zito.

Bint Pwani (#10)

Basi shina lake ni ha, nun, kaf. Kiarabu kinalo hilo hilo. *Hanak* ni kaakaa, paa la mdomo. Na kutokana nalo tuna tahniki. Wasioijua: mtoto mchanga anapozaliwa, tende inatafunwa mpaka ilainike, mtu mwema anachukua kidogo kwa kidole anampaka mtoto kwenye kaakaa. Ni sunna. Bibi yangu alikuwa anaitwa nyumba za watu kufanya hivyo. Namuona mpaka leo, kidole cha shahada kimechovywa tende, mtoto anafanya midomo hivi, ananyonya. Ladha yake ya kwanza duniani. Yaani ni kumfungulia.

Fundi Matone (#11)

Dada, umeniua. Hili ndilo nililotaka niliweke mwisho wa uzi, umeniwahi.

Kwa Kiebrania kaakaa ni *hek*, na wapo wataalamu wa Kiebrania waliounganisha kabisa: *hanakh*, kuanzisha, kufungulia, kuzoeza, na desturi ile ya kumpaka mtoto tende kwenye kaakaa. Wapo pia wanaokataa, wanasema ni maneno yamefanana tu. Mimi si hakimu wao. Lakini angalia lilivyokaa. Shina hilo hilo kwa Kiebrania linatoa *hinukh*, neno lao la kila siku la elimu na malezi. Fungua Mithali 22:6, "Mlee mtoto katika njia impasayo". Hilo "mlee" kwa Kiebrania ni *hanokh*. Kwa hiyo Hekalu na mtoto vimepewa kitenzi kimoja. Kumwanzisha mtoto njia yake, kuianzisha nyumba kazi yake.

Na ukitaka kuona neno hanuka kabla ya Makabayo, lipo tele. Hesabu sura ya 7, wakuu wa makabila wanaleta matoleo ya hanuka ya madhabahu, siku kumi na mbili, kila siku mkuu mmoja. Kichwa cha Zaburi ya 30, wimbo wa hanuka ya nyumba. Nehemia 12, hanuka ya ukuta wa Yerusalemu, kwa matoazi na vinubi. Hata Danieli 3, Nebukadreza anaita maliwali wote waje kwenye hanuka ya ile sanamu yake ya dhahabu! Yaani neno lenyewe halibagui, hata sanamu ya mpagani ikizinduliwa ni hanuka.

Lakini ninayoipenda mimi ni Kumbukumbu la Torati 20:5. Jeshi limejipanga, vita vimekaribia, afisa anapita anauliza: nani hapa amejenga nyumba mpya na hajaifungua? Arudi nyumbani, asije akafa vitani akaifungua mtu mwingine. Kitenzi ni hicho hicho. Fikiria unatumwa nyumbani na jeshi kwa sababu hujakalia nyumba yako!

Enock wa Pili (#12)

Samahani mkuu, hiyo *hanokh* ya Mithali nimeisoma mara mbili. Ina uhusiano wowote na jina langu au nimejipendekeza?

Fundi Matone (#13)

Hujajipendekeza. Henoko wa Mwanzo sura ya 5, yule aliyekwenda na Mungu kisha akatoweka, kwa Kiebrania anaitwa *Hanokh*. Jina hilo mara nyingi hufasiriwa aliyewekwa wakfu, au aliyeanzishwa. Limepita Kigiriki, likapita Kiingereza, likafika kwenu likiwa Enock. Kwa hiyo kina Enock wote mliomo humu jina lenu na Hanuka ni shina moja. Msianze kudai zawadi sasa.

Enock wa Pili (#14)

Leo baba atanitambua.

Mzee wa Mikeka (#15)

Mimi Makabayo namjua kwa Maccabi Tel Aviv na Maccabi Haifa, waliwahi kunichania mkeka. Ndiyo huyo huyo?

Fundi Matone (#16)

Ndiye. Vilabu hivyo vilichukua jina lake mwanzoni mwa karne ya 20, wakati Wayahudi wa harakati za kurudi kwenye nchi walipotaka tena mashujaa wenye misuli. Yaani marabi waliuficha upanga, wanamichezo wakautoa. Mkeka wako umechanwa na kuhani wa mwaka 164, usilaumu mtu.

Na Yuda alikuwa na ndugu aitwaye Eleazari. Sura ya 6 ya kitabu cha kwanza. Vitani aliona tembo mmoja mrefu kuliko wote amevishwa deraya, akadhani mfalme ndiye aliyempanda. Akakata njia mpaka kwa tembo, akaingia chini ya tumbo, akamchoma kwa chini. Tembo akamwangukia. Wote wawili wakafa pale pale. Sijui kwa nini klabu haikuitwa Eleazari.

Katekista (#17)

Nimerudi. Nimeisoma 1 Mak 4 yote baada ya sala ya jioni. Magugu yapo kweli, aya ya 38. Sasa nieleze hizo taa zinawashwaje, maana jumuiya yangu wataniuliza. Mbona picha zinaonyesha mishumaa tisa na siku ni nane?

Fundi Matone (#18)

Kinara cha Hekalu kilikuwa na matawi saba, ndiyo menora. Cha Hanuka kina nane na kimoja cha ziada, Israeli wanakiita *hanukia* kukitofautisha. Sababu ya cha tisa ni kwamba mwanga wa ile minane hauruhusiwi kutumika. Husomi kwao, huhesabu fedha kwao, huparui viazi kwao. Ni wa kutazamwa tu. Kwa hiyo unawekwa mmoja wa kuhudumia, wa kuwashia wenzake, na ukitaka mwanga wa kutumia, uwe ni wake. Unaitwa *shamash*, mtumishi.

Mwalimu, lisikie hilo neno tena. *Shamash*. Sisi tunasema shemasi! Kiswahili tumelipata kwa Waarabu Wakristo, *shammas*, nao kwa Kiaramu, na shina ni hilo hilo la kuhudumia. Mshumaa wa tisa ni shemasi wa wenzake. Jumuiya yako wakikuuliza, waambie hivyo watakumbuka mpaka kufa.

Usiku wa kwanza unawasha mmoja, wa pili miwili, mpaka minane. Hata hapo marabi walibishana, shule mbili za walimu wa kale. Shule ya Shamai walisema anza na minane upunguze, kama ng'ombe wa sadaka ya Vibanda wanavyopungua kila siku kwenye Hesabu 29, kumi na watatu, kumi na wawili, hivyo hivyo. Umeona Vibanda vinavyorudi tena kichinichini. Shule ya Hileli wakasema hapana, katika mambo matakatifu tunaongeza, hatupunguzi. Wakashinda Hileli.

Na mahali pake hasa ni nje, mlangoni, watu wa njiani waone. Kukiwa na hatari, mezani ndani, inatosha. Kuna kesi kwenye Mishna, kitabu cha kale cha sheria za marabi, naipenda sana: ngamia amebeba kitani, anapita sokoni, kitani kimejaza njia, kinashika moto kwenye taa ya muuza duka iliyowekwa nje, jengo linaungua. Nani analipa? Muuza duka, kwa sababu taa ameiweka nje. Rabi Yuda, si yule Makabayo, akasema: kama ilikuwa taa ya Hanuka, halipi. Ilikuwa na haki ya kuwa pale.

Mlokole Sugu (#19)

Na wale wanaosema Hanuka ni kifupisho cha maneno? Mchungaji mmoja wa mtandaoni alifundisha hivyo.

Fundi Matone (#20)

Ni michezo ya maneno ya marabi, mizuri, lakini isichukuliwe kuwa asili ya jina. Mmoja unagawa jina mara mbili: *hanu*, walipumzika, na *kaf-he*, herufi mbili ambazo kwa hesabu zao ni 20 na 5. Walipumzika tarehe 25. Mwingine unachukua kila herufi ukatoa "taa nane, na sheria ni ya nyumba ya Hileli". Ni kama sisi tunavyorefusha majina ya magari ya abiria. Na kwenye pia ya kuzungusha wanayochezea watoto, kila upande una herufi, kirefu chake ni "muujiza mkubwa ulitokea kule". Pia zinazotengenezwa Israeli herufi moja inabadilishwa, inasoma "hapa".

Bint Pwani (#21)

Mbona haitulii mahali? Mwaka mmoja iko mwanzoni mwa Desemba, 2024 ikaangukia usiku wa Krismasi yenyewe.

Fundi Matone (#22)

Miezi yao ni ya mwandamo kama yenu, ila nyinyi mnauacha mwezi utembee mwaka mzima, Ramadhani ya joto na Ramadhani ya masika. Wao wanaongeza mwezi mzima mara saba katika kila miaka 19 ili Pasaka isitoke kwenye majira yake. Kwa hiyo Kislev inasogea huku na huku lakini haivuki majira. Huko ni baridi, kama alivyosema Yohana.

Ukaribu huo na Krismasi ndio uliowafanya Wayahudi wa Marekani waikuze, zawadi kila usiku na kadhalika. Kwa sheria yao ni sikukuu ndogo, watu wanakwenda kazini kama kawaida. Haimo kwenye Torati, haiwezi kuwamo, imetokea karne nyingi baadaye. Ndiyo maana Wayahudi wa Ethiopia kwa mapokeo yao ya zamani hawakuwa nayo kabisa, walikuwa wametengana na wenzao. Lakini Abayudaya wa karibu na Mbale, Uganda, walioingia Uyahudi wakiongozwa na Semei Kakungulu tangu 1919 kwa kusoma Biblia, leo wanawasha kama wenzao wa kwingine.

Na kuna aliyenifuata inboksi anataka tujadili siasa za leo za huko. Ndugu, jukwaa lake lipo, hapa tuna neno moja tu.

Katekista (#23)

Swali la mwisho halafu nawaacha. Jioni nane, kila jioni shemasi wake. Jumla mishumaa mingapi?

Fundi Matone (#24)

Moja na mbili na tatu mpaka nane ni 36. Mashemasi 8. Jumla 44, na boksi za kwao huuzwa hivyo hivyo, 44.

Mzee wa Mikeka (#25)

Na ile pakiti yako ya Arusha ilikuwa na mingapi?

Fundi Matone (#26)

Sita. Ingetosha usiku wa kwanza na wa pili, mmoja ukabaki. Mkewe aliiweka kwenye droo ya jikoni, na wiki iliyofuata umeme ulipokatika wakaiwasha yote.